Picha Kumi na Moja za Fundi Rangi

Tarehe 4 Februari

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti yametulia kidogo tangu uanze ile dawa ya kuchua. Mimi sijambo, ila vidole ni vya kijivu mpaka kwenye kucha. Juzi tumemaliza kutengeneza ukuta wa gereza, na Jumatatu tunaubomoa. Ndiyo kazi yetu wachora mandhari wa studio, leo unajenga, kesho unafagia.

Shangazi anasema nikupigie simu tu. Lakini mara ya mwisho nilikuambia "nimepandishwa cheo" ukasikia "nimepata mchumba", mtaa mzima ukanipongeza. Bora karatasi. Karani wa ofisi ya mabasi ameshanizoea.

Sasa sikia, habari ni kubwa. Ile tamthilia ya televisheni ninayoichorea, ya mwalimu wa historia na dereva wake wanaoingia kwenye lifti mbovu na kutokea katika miaka ya zamani, safari hii wanakwenda kumtembelea mchoraji. Na mchoraji mwenyewe ni Fundi Rangi. Baba yako, Bibi! Nilipoona jina lake kwenye mswada nilikaa chini kwenye ndoo ya rangi, bahati nzuri ilikuwa na kifuniko.

Wanafika kwake wiki ile aliyochoma picha zake kumi na moja uani, kama vitabu vyote vinavyosema. Wanambembeleza, hasikii, anazichoma. Hakuna hapa anayejua kuwa mimi ni kitukuu chake. Ila chumba chake cha kazi nakijenga mimi, na nataka kiwe chenyewe hasa. Mlango ulikuwa wa rangi gani? Meza ilikaa wapi? Alivaa nini akiwa kazini? Wewe ndiye pekee uliyebaki wa kunijibu.

Mjukuu wako anayekupenda

*

Tarehe 15 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi mzima. Magoti ni yale yale, na masikio ndiyo yamefunga duka kabisa. Jana nimejua mvua inanyesha kwa kuona ndoo inajaa. Shangazi yako hajambo, anakusalimu, na bado anapika chai kama maji ya kunawia.

Mlango pakeni rangi yoyote. Wachoraji waliokufa ni wengi, mwambie mwongozaji wako achague mwingine. Baba yangu alisumbuliwa vya kutosha akiwa hai, sioni sababu ya watu kumpandia lifti.

Chumba chake hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia. Basi, hilo limenitoka tu. Usiniulize lingine.

Kula vizuri. Ukipanda ngazi zenu zile ndefu, awepo mtu wa kushika chini.

Bibi yako

*

Tarehe 27 Februari

Bibi,

Shikamoo tena. Nimefurahi kusikia u mzima. Pazia nimeliweka. Usinikasirikie, maana nakuja na lingine.

Jana walifanya mazoezi kwenye kile chumba nilichokijenga. Mwigizaji anayecheza Fundi Rangi ni mtu mrefu, mpole, anasalimia mpaka wafagiaji. Lakini mwongozaji alimwambia, "Huyu mtu ni kichaa, nipe ukichaa!" Basi akazungusha macho, akacheka peke yake, akapaka rangi usoni, akaongea na brashi. Watu wakavunjika mbavu. Nami nilicheka, Bibi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikakumbuka namcheka nani.

Nikamfuata mwongozaji nikamwambia, "Yule ni babu wa baba yangu." Nilidhani atatahayari. Akapiga makofi! "Safi sana, tutakuweka kwenye tangazo." Nikamwambia sitaki tangazo, nataka mumcheze kama mtu. Akaniuliza, "Kwani wewe ulimwona?"

Wewe ulimwona. Niambie alikuwaje alipougua. Sitanyamaza mpaka uniambie, unanijua nilivyo, na unajua nimerithi kwa nani.

Mjukuu wako

*

Tarehe 12 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba, mkaidi wewe. Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaiweka chini ya redio ambayo hata siisikii, mchana nikaichukua tena. Haya. Kaa chini, usisome ukiwa juu ya ngazi.

Baba yangu hakuwa anacheka. Waliokuwa wanacheka ni watu wa mtaani. Ugonjwa ulipomjia alinyamaza. Alilala ameelekea ukuta, siku tatu, siku kumi, mara moja siku arobaini. Hakula mpaka umshikishe kijiko. Alisema mwili umekuwa mzito kama umelowa. Hata kuoga hakuweza, lakini aliniita nimletee brashi zake kitandani azioshe, kwa sababu zikikauka na rangi zinakufa. Nilikuwa namshikia bakuli. Alikuwa anaziosha moja moja, machozi yanamtiririka bila sauti, wala hajifuti.

Na wasikudanganye kuwa alichora kwa sababu ya ugonjwa. Akiugua hakuchora hata mstari. Alichora alipopona, na akipona alikuwa mtu wa utani, anapiga mluzi, anamwita mama yangu "Mheshimiwa". Alikuwa anachora haraka sana, kama mtu anayeanua nguo wingu limetanda. Alijua ugonjwa utarudi. Hospitali alikwenda mara mbili, na mara ya kwanza alikwenda kwa miguu yake, na begi lake, akaniambia, "Nakwenda kutengenezwa." Mpelekee huyo mwigizaji wako maneno hayo.

Kazini alivaa shati la bluu lililokatwa mikono. Meza ilikuwa dirishani. Zulia halikuwapo.

Kuhusu ule moto usiniulize.

Bibi yako

*

Tarehe 20 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Ahsante. Barua yako nimempa mwigizaji, akaisoma amesimama kwenye korido, akarudia. Siku iliyofuata mwongozaji alipopaza sauti "ukichaa!", yeye alilala kitandani akaelekea ukuta, akanyoosha mkono nyuma kuomba brashi. Hata fundi wa taa aliacha kutafuna.

Mwongozaji amelikubali hilo la kitandani, kwa shingo upande. Ila moto hataki uguswe. Anasema watazamaji wote wanaujua, na anautaka vilevile, Fundi Rangi anacheka mbele ya moto. Nilimwambia, "Kama hakucheka kitandani, kwa nini acheke uani?" Akasema mimi ni mpakaji rangi, si mwandishi.

Bibi, umesema nisiulize, lakini sioni aibu iko wapi. Kama alizichoma, alizichoma akiwa mgonjwa, na mgonjwa halaumiwi. Niambie tu alikuwa na uso gani siku hiyo. Unalo jibu, najua.

Mjukuu wako

*

Tarehe 8 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Wiki ya tatu hii sijapata barua. Karani anasema yangu ilichukuliwa siku ileile. Shangazi nimempigia, anasema u mzima, unakula, lakini kila mara unaandika kisha unachana, na ukiulizwa unajifanya husikii hata pale unaposoma midomo yake. Kama nimekuudhi niambie. Kama ni huo moto, sitautaja tena.

Mjukuu wako, mwenye wasiwasi

*

Tarehe 10 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sijaudhika. Hii ni karatasi ya saba, na hii siichani.

Baba yangu hakuchoma picha zake. Nilizichoma mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba alikuwa hospitali mara ya pili, mwezi wa tatu ulikuwa unaisha. Watu wa nyumbani kwa babu yako walikuwa waje Jumamosi kuniona. Mama alikuwa ameshawaambia kuwa baba yuko safarini kikazi. Nyumba nzima ilikuwa na picha zake, ukutani, nyuma ya kabati, chini ya kitanda changu. Mtaani walisema mtu hawezi kuchora nyuso vile kama kichwa ni kizima. Mama akasema, "Wakiziona watauliza, na wakiuliza watajua, na wakijua hutaolewa." Alikuwa na hofu. Mimi sikuwa na hofu, nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka kuwa mtoto wa Fundi Rangi.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana nilizibeba mwenyewe. Kumi na moja. Mama alishika geti asiingie mtu. Mafuta ya taa nilimwaga mimi, kiberiti niliwasha mimi. Sikulia.

Lakini si hilo lililonichanisha karatasi sita.

Baba alirudi mwezi uliofuata, amepona, amenenepa kidogo, ana mluzi mdomoni. Aliingia, akatazama kuta, akatoka uani, akaona pale palipoungua. Akauliza, "Picha zangu ziko wapi?" Mama akanitazama. Mimi nikatazama chini. Mama akasema, "Ulizichoma mwenyewe kabla hujaondoka. Hukumbuki?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Sikumbuki. Lakini kama nyinyi mliona, basi."

Aliamini, mjukuu wangu. Aliishi miaka sita zaidi, akachora kuta za ule ukumbi wa stesheni unaosifiwa mpaka leo, na muda wote huo aliamini kuwa yeye ni mtu wa kuchoma vitu vyake. Hakushika kiberiti tena. Hata kuwasha jiko alimwita mtu. Alipokuja mwandishi wa gazeti akamwambia hivyohivyo, "Nilizichoma mwenyewe," na hapo ndipo vitabu vyenu vilipoipata habari hiyo. Amekufa na uongo wetu. Babu yako naye amekufa hajui. Miaka hamsini na minane nimekaa kimya, na wala si masikio yaliyonizuia kusema.

Sasa nimeamua. Mpe mwongozaji barua hii. Nyinyi mna lifti ya kurudi nyuma, mimi sina. Wale wasafiri wenu wasiende kumzuia asichome, kwa sababu hakuchoma. Waende siku aliyorudi kutoka hospitali, wamkute amesimama pale uani, wamwambie si yeye.

Bibi yako

*

Tarehe 16 Aprili

Bibi,

Barua hii nimeianza mara nne bila kukuamkia, na mara nne nimeona siwezi. Kwa hiyo shikamoo.

Siku tatu sikwenda kazini. Nilisema naumwa. Nilikuwa nakaa kitandani namwona anafikiri pale uani, anajitafuta kichwani na hajioni. Nilikukasirikia, sitakuficha. Nimekukasirikia hata sasa. Ulinifundisha kushika penseli ukaniambia ni mkono wa baba yako huo, na siku zote hizo ulikuwa unajua.

Lakini umesema nimpe, nami nimempa. Mwongozaji aliisoma akasema, "Mzee wa miaka sabini na sita, kesho atakana." Mwandishi wa tamthilia, mama mmoja mdogo mdogo ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliichukua mkononi mwake akasema, "Kama utarekodi ule moto wa zamani, jina langu litoe." Wamebishana tangu saa nne mpaka saa nane. Mwisho mwongozaji amesema atabadilisha kwa sharti moja. Uje mwenyewe, utamke mbele ya watu, utie sahihi. Atasogeza kurekodi sehemu hiyo mpaka tarehe 12 Mei.

Fikiri vizuri, Bibi. Ukija watajua wote. Mtaa, majirani, baba mkubwa, shangazi. Hutakuwa tena mtoto wa Fundi Rangi tu. Hakuna atakayekulaumu usipokuja. Hata mimi sitakulaumu, nitajitahidi.

Mjukuu wako

*

Tarehe 21 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba, na ahsante kwa kuniamkia. Hasira yako ni haki yako, itunze mpaka utakapoimaliza, usiimeze kwa ajili yangu.

Nakuja. Niandalie mahali pa kulala pasipo na ngazi.

Jumapili niliwaita wote sebuleni nikawasimulia. Shangazi yako alilia. Baba yako mkubwa alisimama akatoka, akaacha hata kofia yake. Sikumfuata. Nilisubiri miaka hamsini na minane, naye nimwache asubiri anavyotaka.

Sasa masharti yangu, mpe huyo mwongozaji. Mama yangu msimfanye mchawi, alikuwa mwanamke aliyechoka. Msichana atakayecheza mimi asilie, kwa kuwa mimi sikulia, na asionewe huruma. Na picha mnazotengeneza ziwe zake kweli. Nilizishika moja moja, hakuna mwingine anayezijua. Chukua kalamu.

Ya kwanza, mwanamke anamenya viazi na mwanga unamwangukia magotini tu. Ya pili, jozi tatu za viatu vyetu mlangoni, vyake vimelegea kamba. Ya tatu, mwenye duka amesinzia, na mzani wake umeinama upande mmoja bila kitu juu yake. Ya nne, mimi nasuka nywele, nikiwa na miaka tisa, nimenuna. Ya tano, wagonjwa sita kwenye benchi la hospitali, wote wanatazama mlango mmoja. Zilizobaki nimeziandika kwenye karatasi ya pili, na rangi zake, na ukubwa kwa shubiri. Ile ya kumi na moja ilikuwa haijaisha. Usiimalizie.

Bibi yako

*

Tarehe 19 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na magoti hayakulaani lile basi. Mimi mzima. Hapa bado wanasimulia habari zako, na fundi wa taa amekupa jina, anakuita "Kamanda".

Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza kituo cha mabasi. Ulinishika mkono ukaniuliza, "Yule alinijibu nini?" nikatikisa kichwa kama vile hakusema kitu. Alisema. Mimi ndiye sikuweza kukuambia. Ngoja nikuandikie kama ilivyokuwa, uipate yote.

Unakumbuka walirudia mara tatu. Mwigizaji wa mwalimu alisimama kwenye ule ua tulioujenga studio, kwenye majivu niliyoyapaka mwenyewe, akamwambia Fundi Rangi, "Si wewe uliyechoma." Mara ya tatu ukaniuliza, "Anasema nani amechoma?" Nikakuandikia kwenye daftari kuwa mahali hapo mswada hausemi, mwandishi aliona akufichie kidogo. Ukasoma, ukanirudishia daftari, ukasimama. Nilidhani unakwenda msalani. Ukapita katikati ya kamera, ukaingia kwenye mwanga na ile sweta yako, ukamwambia yule mtu mwenye shati la bluu, "Baba, si wewe. Ni mimi. Nilimwaga mafuta mimi, nikawasha mimi, na ulipouliza nikatazama chini."

Hakuna aliyesema "kata". Wewe ulikuwa unamtazama, lakini yeye aliinamisha uso, ndiyo maana hukuweza kumsoma midomo. Alikuwa anatazama mikono yake, akaigeuza huku na huku. Akasema taratibu, "Kumbe hii mikono haikuharibu kitu." Haikuwa kwenye mswada. Tumemuuliza baadaye, anasema hajui ilitoka wapi.

Wameiacha ndani ya tamthilia. Sweta na yote. Mwongozaji mwenyewe ndiye aliyesema iachwe, kisha akatoka nje akakaa kwenye gari lake.

Picha kumi na moja za kuchomwa zilikuwa nakala. Zile nilizozichora vizuri nimezificha nyumbani kwangu, na ile ya mwisho haijaisha, kama ulivyoagiza. Hasira imepungua. Haijaisha nayo.

Mjukuu wako

*

Tarehe 27 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nimefika salama, basi lilikuwa jema kuliko abiria wake. Baba yako mkubwa alikuja juzi kuchukua kofia. Alikaa saa nzima, akala, akaniuliza kama picha ya viatu ina vya kwangu. Nikamwambia jozi ya tatu kutoka kushoto. Akaenda zake. Atarudi.

Jumatatu nakwenda stesheni. Kile kibao cha ukumbini kinasema "aliyechoma kazi zake kwa mikono yake mwenyewe", na kimeandikwa kwa herufi za shaba. Nimemwandikia mkuu wa stesheni mara mbili, hajajibu, kwa hiyo nitakwenda kukaa ofisini kwake mpaka ajibu. Akinifokea sitasikia, hiyo ni faida yangu.

Nimesoma alichosema mwigizaji wako. Nimesoma mara nyingi. Ni maneno mazuri, na yule ni mtu mwema, mpe salamu. Lakini baba asingesema hivyo. Baba asingetazama mikono yake. Ningemwambia ni mimi niliyewasha, kitu cha kwanza angeniuliza kama niliungua.

Najua, kwa sababu aliuliza. Jioni ile aliporudi, baada ya kusema "basi", aliona kitambaa kwenye kiganja changu. Nikamwambia ni pasi. Akanikalisha dirishani kwenye meza yake, akasogeza rangi pembeni, akakifungua. Alinipaka dawa siku tisa, kila asubuhi, akipuliza.

Kama bado kuna nafasi, mwambie mwandishi aliweke hilo.

Bibi yako